Maombi yaliyopelekwa Kasri la Dublin: anza kusoma nyuma ya karatasi

Ninapomfundisha mtu kusoma maombi ambayo wananchi wa Ayalandi waliyaandikia serikali katika miongo ya mwanzo ya karne ya kumi na tisa, jambo la kwanza ninalomtaka afanye ni kugeuza karatasi. Upande wa mbele una maneno ya mwombaji, na kwa kawaida ndio unaotuvuta, kwa sababu ndiko kwenye njaa, kifungo, watoto na machozi. Lakini upande wa nyuma ndio unaotuambia dola iliyafanyia nini maneno hayo, na bila kujua hilo mtu atasoma mamia ya maombi na kuondoka akiamini kwamba watu maskini wa Ayalandi hawakujua lolote ila kupiga magoti.

Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Kuanzia tarehe 1 Januari 1801, Sheria ya Muungano ilipoanza kutumika, Ayalandi haikuwa na bunge lake. Wabunge wake walikwenda kuketi London, lakini utawala wa kila siku ulibaki Dublin, ndani ya Kasri, chini ya Naibu wa Mfalme aliyetawala kwa jina la Mfalme, na Katibu Mkuu aliyefanya kazi halisi ya serikali. Robert Peel alishika ukatibu huo mwaka 1812 akiwa na umri wa miaka 24 na kuuacha mwaka 1818. Baada yake wakaja Charles Grant, kisha Henry Goulburn kuanzia mwaka 1821. Kwa kuwa Katibu Mkuu alitakiwa kuwapo bungeni London kwa sehemu kubwa ya mwaka, mtu aliyeziona barua siku baada ya siku alikuwa msaidizi wake mkuu, William Gregory, ambaye alikaa katika kiti hicho kuanzia mwaka 1812 hadi mwaka 1831. Makatibu Wakuu walipita, Gregory akabaki. Ninaona ni vigumu kuuelewa utawala wa wakati ule bila kukumbuka kwamba mtu mmoja, mwenye msimamo wake na kumbukumbu yake ndefu, alisimama kwa miaka 19 kati ya waombaji na wale waliodhani wanawaandikia.

Mwaka 1818 ofisi ya Katibu Mkuu ilianza kusajili kwa utaratibu barua zilizoingia. Kila barua ilipewa namba katika rejista ya mwaka husika, na jina la mwandishi likaingizwa humo ili karani aweze kuitafuta baadaye. Kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi katika masjala, jambo hili halihitaji maelezo marefu: pasipo namba hakuna jalada, na pasipo jalada hakuna jibu.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe. Ni karatasi pana iliyokunjwa mara mbili au tatu hadi ikawa utepe mrefu mwembamba, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyofungwa pamoja na nyingine na kuhifadhiwa. Juu ya utepe huo, kwenye sehemu iliyobaki nje baada ya kukunjwa, karani aliandika namba, tarehe, jina la mwombaji, mahali anakotoka na kiini cha ombi kwa maneno machache mno: mfungwa fulani, kaunti fulani, anaomba kupunguziwa adhabu. Chini yake, kwa mwandiko mwingine wa haraka zaidi, kuna agizo. Pengine linasema ombi lipelekwe kwa jaji aliyesikiliza kesi ili atoe maoni. Pengine linamtaka hakimu wa wilaya achunguze na kujibu. Pengine ni sentensi moja ambayo wasomaji wa hati hizi tunaifahamu vizuri kupita kiasi: sheria na ifuate mkondo wake. Ukurasa mzima wa kusihi, ulioandikwa kwa uangalifu na pengine kulipiwa kwa senti za mwisho za familia, unajibiwa kwa maneno hayo machache, na mwandiko hautetemeki.

Tukirudi mbele ya karatasi, tunakuta muundo unaojirudia. Kwanza cheo kamili cha Naibu wa Mfalme, kilichoandikwa kwa herufi kubwa na kupambwa. Kisha jina la mwombaji, parokia yake na kaunti yake. Kisha maneno kwamba mwombaji anaeleza kwa unyenyekevu yafuatayo, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza. Mwishoni kuna ahadi kwamba mwombaji, kama impasavyo, atamwombea dua Mheshimiwa daima. Utangulizi na tamati hizo zilikuwa sharti la fomu, sawa na salamu ya barua ya kikazi, na ninasisitiza kwamba hazituambii lolote kuhusu moyo wa aliyeandika. Barua isiyokuwa nazo ingeonekana ya mtu asiye na adabu au asiye na akili timamu. Nguvu ya ombi iko katikati, kwenye masimulizi, na chini kabisa, kwenye majina ya watu waliolithibitisha.

Katika masimulizi hayo tunapaswa kuusikia mkono wa mtu wa pili. Sensa ya mwaka 1841, ambayo ilihesabu watu zaidi ya milioni 8, iliona kwamba asilimia 53 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi hawakuweza kusoma wala kuandika, na katika mikoa ya kusini na magharibi mamilioni walizungumza Kiayalandi nyumbani, ilhali serikali iliandikiwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwombaji alimwendea mwandishi, sawa na jinsi wazee wetu walivyowaendea waandishi wa barua waliokaa na taipureta zao nje ya mahakama na posta. Mara nyingi mwandishi huyo alikuwa mwalimu wa mojawapo ya shule za vijijini ambazo wazazi walizilipia wenyewe, mtu aliyependa maneno makubwa na aliyejua fomu inavyotakiwa kuwa. Mwombaji akaweka alama ya msalaba, na mwandishi akaandika jina pembeni mwake. Wapo watafiti wanaolalamika kwamba kwa sababu hiyo sauti ya mwombaji imepotea. Sikubaliani nao. Mwandishi alijua fomu, lakini hakujua ng'ombe wangapi walikamatwa kwa deni la kodi, wala nani alitoa ushahidi wa uongo kwa chuki ya shamba, wala mtoto mdogo ana miezi mingapi. Mambo hayo yalitoka kwa aliyekaa mbele yake, na ndiyo yanayolitofautisha ombi moja na jingine.

Majina ya wathibitishaji ni sehemu ambayo mimi binafsi huikawilia. Sahihi ya padri Mkatoliki ilionyesha kwamba jamii inamfahamu mwombaji. Sahihi ya kasisi wa Kanisa la Anglikana, ambalo ndilo lililokuwa kanisa rasmi, ilikuwa na uzito zaidi huko Kasri, na sahihi ya hakimu au mwenye shamba kubwa ilizidi zote. Ombi lenye sahihi ya padri na ya kasisi zikiwa pamoja lilisema jambo ambalo hakuna sentensi ingeweza kulisema, hasa katika nchi ambayo Wakatoliki, waliokuwa wengi mno, hawakuruhusiwa kuketi bungeni hadi mwaka 1829. Kuzipata sahihi hizo kulimaanisha kutembea nyumba hadi nyumba, kungoja mlangoni, kueleza upya. Wanawake ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa sababu wanaume wao ndio waliokuwa gerezani.

Hapo tunafika kwenye maombi mazito kuliko yote, yale ya wafungwa na wake zao. Meli ya kwanza ya kuwapeleka wafungwa wa Ayalandi huko New South Wales, koloni la Uingereza nchini Australia, iliondoka Cork mwaka 1791, na adhabu ya kupelekwa ng'ambo ilikuwa ya miaka 7, ya miaka 14, au ya maisha. Mambo yalizidi kuwa makali Sheria ya Uasi iliporudishwa mwaka 1822. Katika eneo lililotangazwa kuwa na machafuko, mtu aliyekutwa nje ya nyumba yake kati ya machweo na macheo bila sababu halali aliweza kuhukumiwa bila baraza la wazee wa mahakama na kupelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Kwa hiyo ombi la mke wa mtu kama huyo lilipaswa kuujenga upya usiku mmoja: mume alikuwa akitoka wapi, alikuwa akienda kwa nani, nani alimwona, na kwa nini asiyekuwa na hatia awe njiani gizani. Ni hoja ya kisheria inayotolewa na mtu asiye na wakili, tena mbio, kwa sababu mfungwa angeweza kuwa tayari kwenye gereza la meli katika bandari ya Cove akisubiri kupakiwa. Ombi lilipotumwa kwa jaji ili atoe maoni, na jaji akachelewa kujibu, kuchelewa huko peke yake kuliweza kuamua.

Katika masanduku yale yale kuna barua za namna nyingine kabisa. Mwaka 1821, kwenye mashamba ya familia ya Courtenay karibu na Newcastle West katika kaunti ya Limerick, wapangaji waliobanwa na wakala wa mwenye shamba walianzisha harakati iliyoenea mkoa wa kusini wa Munster kwa jina la kubuni la Kapteni Rock. Barua za vitisho zilizosainiwa kwa jina hilo zilibandikwa milangoni na kutupwa barabarani, na mahakimu wakazikusanya na kuzipeleka Dublin, ambako zilipata namba kama barua nyingine zote. Zinaamuru, zinataja kiwango cha kodi ya haki, zinaweka tarehe ya mwisho, zinaiga lugha ya matangazo ya serikali. Wakuu waliwashuku walimu wa vijijini kuwa ndio waandishi wake, na mimi naona shaka hiyo haikuwa bure. Parokia iliyoweza kumwandikia Naibu wa Mfalme kwa unyenyekevu mchana ndiyo iliyoweza kumwandikia wakala wa shamba kwa jina la Kapteni Rock usiku. Nani alikuwa na nguvu gani juu ya nani, hilo ndilo lililoamua lugha ya kutumia.

Mwaka 1822, uleule wa Sheria ya Uasi, ulileta pia njaa. Mvua za mwishoni mwa mwaka 1821 ziliozesha viazi, na kufikia miezi ya katikati ya mwaka uliofuata watu wa kaunti za Clare, Galway, Mayo, Kerry na Cork hawakuwa na chakula wala pesa za kukinunulia. Maombi ya msimu huo kwa kawaida yanaandikwa na kamati za parokia, na yanavutia kwa sababu hayaombi sadaka: yanaomba kazi. Yanataja barabara ipi ijengwe, kutoka wapi hadi wapi, na itawapa mkate watu wangapi. Ili kusimamia kazi hizo, serikali ilimtuma mhandisi Alexander Nimmo magharibi na mwenzake Richard Griffith kusini, na kamati ya wahisani iliyokutana London ilichangisha zaidi ya pauni 300,000.

Kwamba tunaweza kuzisoma hati hizi leo ni bahati iliyotokana na jengo. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi kuu ya kumbukumbu iliyokuwa Four Courts, jengo la mahakama jijini Dublin, ililipuka na kuungua, na karne nyingi za hati zikawa majivu. Makaratasi ya ofisi ya Katibu Mkuu hayakuwa huko. Yalikuwa kwenye mnara wa Kasri, na sasa yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi jijini Dublin, yakiwa na orodha inayopatikana mtandaoni, ambamo kila ombi lina muhtasari wake.

Anayetaka kuanza, namshauri atafute katika orodha hiyo waombaji walioandika zaidi ya mara moja. Ombi la pili lina faida zake: linataja tarehe ya lile la kwanza, linasema lilijibiwa au halikujibiwa, na mara nyingi linaleta sahihi ambayo haikuwapo awali au kurekebisha hoja ambayo jaji aliipinga. Baadhi ya wake za wafungwa walipokataliwa msamaha walibadili ombi lenyewe, wakaomba wasafirishwe pamoja na watoto wao kuwafuata waume huko New South Wales, na kuanzia mwaka 1828 kuna mfululizo wa hati zinazowahusu wao tu. Ni vyema pia kuomba picha za karatasi nzima, pande zote mbili, kwa sababu muhtasari wowote, hata ulioandikwa kwa uangalifu, hauwezi kuonyesha ni mkono gani ulioandika agizo la nyuma, wala kwamba sahihi tatu za chini zimeandikwa kwa wino tofauti na wa ombi, kila moja ikiwa imetafutwa kwenye nyumba yake.