Akiolojia ya majaribio haiko kwenye majaribio

Nimesikia tena, na safari hii kutoka kwa mtu msomi anayeheshimu elimu, kwamba akiolojia ya majaribio ni tawi changa ambalo wataalamu bado hawajalikubali, na kwamba ndiyo sababu likaitwa "la majaribio". Alikuwa amelisoma neno hilo kama tunavyolisoma katika kipindi cha majaribio cha mwajiriwa mpya. Kabla yake mwingine alikwisha kuniambia kwamba ni ile shughuli ya watu kuvaa ngozi, kuwasha moto kwa kupekecha vijiti na kulala pangoni ili wajue wahenga waliishije. Makosa haya mawili hayafanani kwa nje, lakini yote yanatoka ndani ya neno lenyewe, na nadhani yanastahili kusahihishwa kwa utaratibu.

Maana yake kwa ufupi ni hii: mtafiti huchukua dhana kuhusu jinsi kitu cha kale kilivyotengenezwa, kilivyotumika au kilivyoharibika, huitafutia tendo linaloweza kuikanusha, hulitenda tendo hilo kwa malighafi na zana za aina iliyokuwapo wakati huo, huandika kila hatua, kisha hulinganisha alama alizozipata na alama zilizo kwenye kitu cha kale. Kama hakuna kitu cha kale cha kulinganishia, au kama hakuna matokeo yoyote ambayo yangeweza kumfanya aseme "nilikosea", basi alichofanya kina jina lingine.

Sasa neno. Kitenzi "kujaribu" tumekipata katika Kiarabu, kwenye jarraba, na mzizi huohuo umetupa pia "tajriba". Kiswahili kimeugawa mzizi huo kwa ustadi: majaribu ni misukosuko na vishawishi vinavyompima mtu, jaribio ni tendo la kujaribu, na tajriba ni ujuzi anaobaki nao mtu baada ya kupitia mambo. Kiarabu chenyewe hakitenganishi hivyo, kwa kuwa tajriba ya Mwarabu hubeba jaribio la maabara na uzoefu wa maisha kwa pamoja. Kifaransa nacho kina neno moja kwa yote mawili, na chimbuko la neno hilo ni kitenzi cha Kilatini experiri, yaani kujaribu. Kwa hiyo lugha yetu ina bahati ambayo lugha hizo hazina: tuna maneno mawili pale ambapo wenzetu wana moja. Inasikitisha kwamba hatuyatumii.

Lakini "jaribio" nalo lina nyuso zaidi ya moja. Tunaposema jaribio la mapinduzi, msikilizaji anaelewa kwamba mapinduzi yalikusudiwa na hayakufaulu. Tunaposema toleo la majaribio la programu, anaelewa kwamba kitu hakijakamilika na kinaweza kuondolewa wakati wowote. Tunaposema jaribio la kemia, anaelewa swali lililoulizwa kwa utaratibu, lenye jibu ambalo muulizaji hana uwezo wa kulichagua. Akiolojia ya majaribio inahusu uso huu wa tatu peke yake. Kinachojaribiwa ni dhana, na akiolojia ndiyo inayojaribu. Njia yenyewe imepevuka: mwaka 1957 mwanaakiolojia Sergei Semenov wa Leningrad, huko Urusi, alichapisha kitabu kizima cha uchunguzi wa alama za utengenezaji na za matumizi juu ya zana za mawe na mifupa, akitegemea hadubini na zana alizozitengeneza upya, na mwaka 1961 Robert Ascher alichapisha makala iliyobeba jina la njia hiyo na kuuliza masharti yake yawe yapi.

Zana za mfupa zinaonyesha vizuri kuliko kitu kingine chochote kwa nini njia hii ilihitajika. Jiwe likipigwa na binadamu huacha mabaki mengi yanayosimulia: kitovu cha pigo, mawimbi ya nguvu, vipande vilivyobanduka. Mfupa haukarimu hivyo. Fisi huuvunja, mto huusugua, mizizi huutoboa, kwato huukanyaga, na kila mmoja kati ya hawa anaweza kuuacha na ncha kali au uso laini. Anayeokota mfupa wenye ncha kwenye tabaka la kale hana haki ya kuuita zana kwa sababu tu unamkaa vizuri mkononi.

Chukua mfupa mrefu wa mguu wa mbuzi au swala, ule ulio juu tu ya kwato. Ni mnyoofu, kuta zake ni nene, na upande wa mbele una mfereji mwembamba unaoteremka kwa urefu wake wote, kwa kuwa kiasili ni mifupa miwili iliyoungana ikawa mmoja. Mtengenezaji hupitisha ncha ya jiwe kali kwenye mfereji huo mara nyingi hadi uzame, kisha hupigilia kabari na mfupa hupasuka kwa urefu. Kipande kimoja hukwanguliwa kwa ukingo wa jiwe kuelekea nchani, na mfupa hutoa maranda membamba sana, pamoja na unga mweupe unaonata vidoleni. Jiwe huwa butu upesi na sharti linolewe au libadilishwe. Uso uliokwanguliwa ukitazamwa kwa hadubini huonyesha michirizi mirefu iliyo sambamba na urefu wa mfupa, isiyolingana kwa kina kwa sababu ukingo wa jiwe una vijino visivyolingana. Mara nyingine huonekana pia mawimbi madogo yaliyokingama, pale ambapo jiwe liliruka badala ya kuteleza. Mfupa uliosuguliwa kwenye jiwe la mchanga huwa na sura nyingine: uso bapa, na mikwaruzo inayokatiza mfupa kwa mshazari. Ncha iliyotumika sana kutobolea ngozi huanza kufifisha hayo yote kwa mng'aro unaoviringa kingo. Alama hizi tatu zikilaliana, mtu anaweza kusoma ipi ilitangulia na ipi ilifuata.

Hapa ndipo ukali wa masharti unapoanza kueleweka. Ukiunoa mfupa huo kwa tupa ya chuma, utapata kitu kizuri cha kuwekwa kabatini, lakini michirizi yake itakuwa ya tupa, na kuhusu utengenezaji wa kale haitakuambia lolote. Ukitumia mfupa uliokauka juani kwa miaka mahali ambapo mtu wa kale alitumia mfupa mbichi, utapotoka tangu pigo la kwanza. Takriban theluthi moja ya mfupa ni kolajeni, protini inayoupa unyumbufu, na sehemu kubwa iliyobaki ni madini ya kalsiamu na fosfeti yanayoupa ugumu. Kolajeni ikiwa bado nzima, mfupa huvunjika kwa mstari unaojipinda kama parafujo, na uso wa mpasuko huwa laini. Ukikauka, huvunjika kwa kukata moja kwa moja, na mpasuko huwa na chengachenga. Hali ya mfupa siku ulipovunjwa imeandikwa mfupani, kwa hiyo mjaribu hana budi kuijua hali ya mfupa wake mwenyewe na kuiandika.

Niongeze jambo dogo kuhusu "pembe", kwa kuwa nalo huleta mkanganyiko uleule. Sisi huita pembe kile kilicho kichwani mwa ng'ombe, kile kilicho kichwani mwa paa-kulungu wa nchi za baridi, na hata meno ya tembo. Kwa mtengenezaji hizi ni malighafi tatu zisizofanana: ya ng'ombe ni keratini kama kucha, ya kulungu wa baridi ni mfupa halisi unaodondoka na kuota upya kila mwaka, na ya tembo ni jino. Vichomeo vyenye vijino, yaani ncha za kudungia, vilivyofukuliwa Star Carr huko Uingereza, ambako mwanaakiolojia Grahame Clark alichimba kuanzia mwaka 1949 hadi 1951, vilikatwa kutoka pembe za aina hiyo ya pili, kwa kuchora mifereji miwili sambamba na kuung'oa ukanda uliobaki katikati. Anayejaribu kuurudia ufundi huo kwa pembe ya ng'ombe anajibu swali ambalo Star Carr haikuuliza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Swartkrans, pango la Afrika Kusini lenye mabaki ya viumbe wa jamii ya binadamu wa zaidi ya miaka milioni 1 iliyopita. Humo zilipatikana ncha za mfupa zilizolainika mwishoni, na maelezo yaliyokubalika kwa muda mrefu yalikuwa kwamba zilitumika kuchimbulia mizizi na viazi pori. Ni maelezo yanayoingia akilini. Watafiti Lucinda Backwell na Francesco d'Errico hawakuridhika na hilo. Walizilinganisha ncha hizo na mifupa iliyoharibiwa na nguvu za maumbile zinazojulikana, na pia na mifupa iliyotumika katika kazi mbalimbali za majaribio. Kuchimba mizizi kwenye udongo wa kawaida kuliacha mikwaruzo ya upana tofauti, iliyotawanyika kila upande. Kuvunja vichuguu kuliacha michirizi myembamba, sambamba, inayofuata urefu wa mfupa na kukusanyika nchani, kwa kuwa udongo wa kichuguu ni chembe laini zilizokwisha kuchambuliwa na mchwa wenyewe. Michirizi ya Swartkrans ilifanana na hii ya pili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001, na dhana ya viazi ikapoteza nguvu.

Zingatia kwamba mifupa iliyoharibiwa na maumbile nayo iliwekwa mezani. Wengi hudhani hatua hiyo ni nyongeza tu, lakini bila hiyo jaribio lote lingekuwa mazungumzo baina ya mtafiti na matarajio yake. Bob Brain, mtafiti ambaye jina lake limefungamana na Swartkrans, alikuwa ameonyesha mwaka 1967 kwamba mifupa iliyolala mchangani kando ya mto Kuiseb, katika jangwa la Namib, ilipokanyagwa na mbuzi wakienda na kurudi, ilipata mng'aro na ncha zinazoweza kumdanganya mtu aiite zana. Hapakuwa na fundi hapo. Palikuwa na mchanga, kwato na muda. Tangu wakati huo, anayedai kwamba mng'aro ni dalili ya mkono wa binadamu anapaswa kwanza kuwaondoa mbuzi.

Hivyo narudi kwa yule aliyeniambia habari za kuvaa ngozi na kulala pangoni. Shughuli hiyo ina thamani yake, na sitaki kuidharau: aliyekwangua mfupa kwa saa kadhaa anajua maumivu ya kifundo cha mkono, anajua mfupa uliolowekwa unakwanguka kwa urahisi zaidi, na ujuzi huo humsaidia kuuliza maswali mazuri. Hiyo ndiyo tajriba. Peter Reynolds, aliyeliongoza shamba la utafiti wa kilimo na maisha ya kale la Butser huko Uingereza kuanzia mwaka 1972, alisisitiza kwa miaka mingi kwamba kuigiza maisha ya kale na kufanya jaribio ni mambo mawili, na kwamba la kwanza halipaswi kuazima heshima ya la pili. Ningependa tuiite hiyo ya kwanza akiolojia ya tajriba. Neno tunalo, linatamkika, na msikilizaji atajua mara moja kwamba anaelezwa alichohisi mtu na wala si kilichopimwa.

Kuna kosa la tatu, la hila zaidi, nalo huwapata hata waandishi wa habari za sayansi walio makini. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl alisafiri kwa chelezo kwa siku 101 kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia, na safari hiyo ilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Haikuonyesha kwamba watu wa Polinesia walitoka huko. Kwenye mfupa hali ni hiyohiyo: mtu akifanikiwa kutengeneza chusa ya mfupa kwa njia fulani, amethibitisha kwamba njia hiyo inafanya kazi mikononi mwake. Njia nyingine tatu zinaweza kufanya kazi vilevile. Jaribio lina nguvu kubwa zaidi linapokataa, kama lilivyoikataa mizizi ya Swartkrans, kuliko linapokubali.

Mwaka 2025 ilipotangazwa kwamba katika Bonde la Olduvai zimetambuliwa zana 27 za mfupa, za tembo na viboko kwa sehemu kubwa, zenye umri wa miaka milioni 1.5, swali la kwanza la wataalamu lilikuwa lilelile: mapigo yale yanatofautianaje na meno ya fisi na kwato za wanyama? Swali hilo linaweza kujibiwa kwa sababu kuna watu waliokwisha kuvunja mifupa mibichi kwa mawe, waliokwisha kuitazama ile iliyotafunwa, na walioandika tofauti zake.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniambia kwamba tawi hili bado liko kwenye majaribio, nakuomba neno moja tu libadilike utakapolieleza tena. Usiseme wanaakiolojia "wamejaribu kutengeneza" zana za kale, kana kwamba walishindwa. Sema "wamefanya jaribio la" kuzitengeneza. Na ukifika kwenye Swartkrans, acha "imethibitishwa kwamba walikula mchwa", kwa maana Backwell na d'Errico wenyewe walisema uchunguzi wao unaelekeza huko. Sema kwamba alama za ncha zile zinalingana na za mifupa iliyovunja vichuguu, na hazilingani na za mifupa iliyochimba viazi.