Je, wajua kwa nini setilaiti ya Uhuru ilipaa kutoka Ngomeni tarehe 12 Desemba?

Wanaastronomia wa Tokyo, Munich au Boston wanapoandika kuhusu nyota mbili fulani za kundinyota la Mshale, huziita 4U 1820-30. Tarakimu ndefu ni anwani yake angani. Namba 4 ni toleo la nne la orodha ya vyanzo vya eksirei vya angani. Na U je? Ni Uhuru. Ni uhuru huuhuu wa Kiswahili, jina ililopewa setilaiti iliyokusanya orodha hiyo, iliyorushwa kutoka baharini, mbele ya kijiji cha wavuvi cha Ngomeni kaskazini mwa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya kujitawala.

Kwa hiyo jina lina maelezo mepesi: sikukuu, na shukrani kwa wenyeji. Swali gumu zaidi ni kwa nini setilaiti ya Wamarekani iletwe Pwani ya Kenya kurushwa, ilhali wenyewe wana vituo Florida, Virginia na California. Kulijibu itabidi tupitie matukio mengine mawili ya tarehe hiyohiyo, moja la 1901 na jingine la 1961. Kalenda za "leo katika historia" huyataja matatu haya kana kwamba hayajuani. Kumbe yote yanahusu tabaka moja la hewa lililo juu ya vichwa vyetu.

Mchana wa 12 Desemba 1901, Guglielmo Marconi alikuwa juu ya kilima cha Signal Hill, mjini St. John's katika kisiwa cha Newfoundland, kisikilizio kikiwa sikioni. Nje, upepo mkali ulikuwa unalipeleka huku na huku tiara lililobeba waya wa antena wa mita 150 hivi. Ng'ambo ya Atlantiki, huko Poldhu kusini-magharibi mwa Uingereza, mafundi wake walikuwa wanatuma herufi moja tu kwa alama za Morse, tena na tena: S, yaani nukta tatu. Saa 6:30 mchana akasikia mibofyo mitatu hafifu katikati ya mikwaruzo. Akampa msaidizi wake, George Kemp, kisikilizio ahakikishe. Kemp naye akasema anasikia.

Umbali ni karibu kilomita 3,500, na hapo ndipo palipoleta ubishi. Mawimbi ya redio husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga, na dunia ni mviringo. Ukichora mstari ulionyooka kutoka Poldhu hadi St. John's, katikati ya safari utakuwa zaidi ya kilomita 200 chini ya uso wa bahari. Ishara ilipaswa kupotelea angani moja kwa moja. Mwaka 1902 Arthur Kennelly wa Marekani na Oliver Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walikisia kwamba huko juu kuna tabaka la hewa linalopitisha umeme, na kwamba mawimbi hugonga hapo yakarudi chini. Mwingereza Edward Appleton alilithibitisha kwa majaribio mwaka 1924. Leo linaitwa ayonosfia, na ndilo lililowawezesha wazee wetu kusikiliza redio za mataifa ya mbali kwa masafa mafupi.

Wapo wanaoamini hadi leo kwamba Marconi alisikia mikwaruzo tu akaipa maana. Wana hoja. Mchana, sehemu ya chini ya ayonosfia humeza mawimbi ya aina aliyotumia. Marconi mwenyewe aliposafiri kwa meli Februari 1902, akipima kwa kifaa kilichoandika ishara kwenye karatasi, alizipata usiku akiwa zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Poldhu, lakini mchana hazikuvuka sana kilomita 1,100. Mimi nawaelewa wanaotilia shaka, ingawa miezi miwili tu baadaye jambo lenyewe lilikuwa limeshathibitika, angalau kwa usiku.

Ila tabaka hilo limetokana na nini? Ni jua. Miale yake ya urujuanimno na ya eksirei hupiga hewa nyembamba ya juu na kuzing'oa elektroni kutoka kwenye atomi, na elektroni hizo zilizo huru ndizo zinazorudisha mawimbi ya redio. Kwamba jua kweli hutoa eksirei kulithibitishwa mwaka 1949, pale Herbert Friedman na wenzake wa jeshi la majini la Marekani walipopandisha vipimo juu kwa roketi ya V-2 iliyotekwa kwa Wajerumani.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Kwa kuwa hospitalini eksirei hupenya nyama na kuonyesha mfupa, tunadhani hupenya kila kitu. Hewa iliyo juu ya kichwa chako, kuanzia ulipokaa hadi mwisho wa anga, ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10. Hakuna eksirei ya nyota itakayovuka hapo. Inaishia juu, na kwa zile za jua, kazi yake ya mwisho ndiyo hiyo ya kujenga ayonosfia. Maana yake ni kwamba hewa iyo hiyo inayozikamata eksirei ndiyo iliyombebea Marconi ishara yake, na ndiyo iliyowafanya wanaastronomia wa eksirei kuwa vipofu mpaka walipopata roketi.

Miaka 60 kamili baada ya tiara la Marconi, tarehe 12 Desemba 1961, waendesha redio wa ridhaa wa California walifanya kinyume chake: badala ya kugonga lile tabaka ishara irudi, waliweka kisambazaji chao juu yake. Setilaiti yao, OSCAR 1, ilikuwa boksi la chuma la kilo 4.5 hivi, lililoundwa na watu kwa muda wao wa ziada. Ilidandia roketi ya kijeshi, ikikaa mahali ambapo kwa kawaida huwekwa uzito wa kusawazisha tu. Springi iliyoisukuma itoke ilinunuliwa dukani kwa dola moja na senti. Kisambazaji chake kilikuwa na nguvu ya wati 0.14, chini ya taa ya tochi, nacho kilirudia herufi mbili za Morse: HI. Kwa wapiga Morse, HI ndiyo namna ya kucheka hewani. Kasi ya kurudia ilibadilika kufuatana na joto la ndani ya boksi, hivyo mtu mwenye saa tu mkononi angeweza kupima hali ya setilaiti kwa kuhesabu vicheko. Masafa yake, karibu megahezi 145, ni ya juu kiasi cha kupenya ayonosfia bila kurudishwa. Betri zilidumu karibu wiki 3, na zaidi ya watu 570 katika nchi 28 walituma taarifa kwamba wameisikia.

(Kalenda ya 12 Desemba ina mengine ya kuwafurahisha wapenzi wa teknolojia: Robert Noyce, mmoja wa waanzilishi wa Intel, alizaliwa siku hiyo mwaka 1927, na mwaka 1980 hisa za Apple ziliuzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, dola 22 kila moja. Hayo kweli ni nasibu tu, tuyaache.)

Sasa turudi Ngomeni. Juni 1962, timu ya Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Marekani, ilirusha roketi kutoka jangwa la New Mexico ikitarajia kuona eksirei za jua zikiakisiwa na mwezi. Ilikaa juu ya hewa nzito kwa dakika 5 na ushei tu. Badala ya mwezi ikakuta chanzo kikali katika kundinyota la Nge, mbali kabisa na jua. Miaka yote iliyofuata ilikuwa ya kuchungulia hivyohivyo, dakika chache, roketi inaanguka, unajipanga upya. Walihitaji kifaa kitakachokaa huko juu miezi na miezi.

Setilaiti ilipoundwa, ikaja shida ya mahali. Vihesabio vyake vilikuwa visanduku vya gesi vinavyotoa mpigo wa umeme kila eksirei inapoingia. Tatizo ni kwamba chembe zenye chaji, zile zilizonaswa na sumaku ya dunia, nazo huvipiga na kuzalisha mipigo ya uongo. Juu ya Atlantiki ya kusini, upande wa Brazili, ukanda wa chembe hizo umeshuka chini mno, na setilaiti inayopita hapo huzibwa masikio. Dawa yake ni kuzunguka karibu kabisa na ikweta, ambako ukanda huo unaguswa kidogo tu. Na kanuni ya roketi haina huruma: ukirusha kutoka latitudo ya nyuzi 28.5, kama Florida, mzunguko wako hauwezi kuinama chini ya nyuzi 28.5 bila kuchoma fueli nyingi ya ziada kugeuza njia. Roketi ya Scout, ndogo, ya hatua 4 za fueli yabisi, haikuwa na fueli hiyo.

Ila Waitaliano walikuwa na jukwaa mahali palipotakiwa hasa. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alikuwa ameweka majukwaa mawili ya chuma katika Ghuba ya Ungwana, karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta: San Marco la kurushia, na Santa Rita la kuongozea, ambalo hapo awali lilikuwa la wachimba mafuta. Mwaka 1967 walishatoa hapo setilaiti yao wenyewe. Mashariki ni bahari tupu, kwa hiyo hatua za roketi zikidondoka hazimwangukii mtu, na mzunguko wa dunia wenyewe, unaokaribia kilomita 1,670 kwa saa pale ikweta, unaisukuma roketi bure. Kwa hiyo setilaiti ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilirushwa na wahandisi wa Kiitaliano katika bahari ya Kenya, nayo ikaingia kwenye mzunguko ulioinama nyuzi 3, kilomita 500 na kitu juu. Rasmi iliitwa SAS-1. Jina la Uhuru lilitoka kwa Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo.

Namna yake ya kuona ilikuwa ya kawaida ajabu. Haikuwa na kioo wala lenzi. Ilikuwa na vihesabio viwili vilivyopeana mgongo, kila kimoja kikitazama anga kama mtu anayechungulia kupitia mwanzi, na setilaiti nzima ikijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12. Chanzo kikipita mbele, idadi ya mipigo inapanda; kikipita, inashuka. Ndivyo orodha ilivyojengwa, mstari baada ya mstari, kutoka vyanzo dazani chache vilivyojulikana hadi 339 katika toleo la nne.

Cheki ilivyofumbua fumbo la Centaurus X-3, mojawapo ya vyanzo hivyo. Mipigo yake ilionekana kuja kila sekunde 4.8, bila kukosa. Walipofuatilia kwa siku nyingi wakaona kwamba wakati fulani inakuja ikiwa imebanana kidogo, kisha inaachana kidogo, na kila baada ya siku 2 na ushei inazimika kabisa kwa karibu nusu siku. Kitu kinachokusogelea mipigo yake hubanana, kinachokwenda mbali huachana, na kinachopotea kimejificha nyuma ya kingine. Ikawa wazi: nyota ndogo mno iliyoshindiliwa, nyota ya nyutroni, inalizunguka jitu la nyota na kulinyonya gesi, na gesi hiyo inapoporomoka juu yake hupata joto la kutoa eksirei.

Chanzo kingine, Cygnus X-1, kilikuwa na vituko zaidi. Kilimetameta ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kitu hakiwezi kumetameta upesi kuliko mwanga unavyoweza kukivuka. Kwa hiyo kilikuwa kidogo sana. Louise Webster na Paul Murdin wa Uingereza, na Tom Bolton aliyekuwa Toronto, wakagundua kwamba kuna nyota kubwa ya samawati inayozunguka kila siku 5.6 pamoja na mwenza asiyeonekana, mzito kupita nyota yoyote ya nyutroni. Hili likawa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, la kwanza kukubalika na wengi. Mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne, yeye akisimamia kwamba si shimo jeusi. Ilikuwa bima yake: kama mashimo meusi hayapo na kazi yake yote imekwenda na maji, basi angalau angepata usajili wa gazeti la vichekesho kwa miaka 4. Akakubali kushindwa mwaka 1990, na Thorne akaletewa mwaka mzima wa jarida ambalo halisomwi mbele ya watoto. Hata bendi ya roki ya Rush, ya Kanada, ilikuwa imeshaliimba shimo hilo mwaka 1977.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973. Giacconi alipata Nobel ya fizikia mwaka 2002. Majukwaa ya Ungwana hayajarusha roketi tangu 1988, lakini antena za kituo cha nchi kavu pale Ngomeni bado zinafanya kazi, kwa sababu setilaiti inayozunguka ikweta inapita juu yake kila mzunguko. Mojawapo ni IXPE, darubini ya eksirei ya NASA na Italia, ambayo safari hii ilirushwa Florida kwa roketi kubwa yenye fueli ya kutosha kugeuza njia nyuzi zote 28.5 hadi juu ya ikweta. Iliondoka saa 3 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, tarehe 9 Desemba 2021, Tanzania Bara ikitimiza miaka 60 ya uhuru.