Timu mpya ya NFL huumia kwanza kwenye laini

Wasomaji wangu wa kandanda huniuliza sana: tajiri akishalipa ada ya kuingiza timu NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, si anunue tu wachezaji wazuri ashinde? Bob McNair alilipa dola milioni 700 kuipata Houston Texans, uwanja mpya wenye paa la kufunguka ukasimama, na msimu wa kwanza, 2002, ukaisha kwa ushindi 4 na vipigo 12. Kazi yangu ni kuchambua video za mechi, na msimu ule huwa naurudia, kwa sababu ugonjwa wa timu mpya unaonekana waziwazi pale mbele ya kwotabeki, mrushaji pasi wa timu, kwenye laini, yaani ukuta wa wenzake wanaomkinga.

Kwanza, wachezaji wanatoka wapi? Marekani hakuna kupanda daraja. Timu inazaliwa ikiwa tayari ligi kuu, haina hata mchezaji mmoja, na wakongwe wanalazimishwa kuigawia. Mwaka 1976, Tampa Bay Buccaneers na Seattle Seahawks walipoingia, kila timu kati ya 26 zilizokuwepo iliruhusiwa kuwakinga wachezaji wake 29 wasichaguliwe kabla ya wageni kuchagua. Ni kwenda sokoni magharibi: nyanya zipo, ila zile ngumu walishazibeba watu wa alfajiri. Buccaneers hawakushinda hata mechi moja kati ya 14. Wakaingia msimu wa pili wanafungwa vilevile, hadi vipigo 26 mfululizo, ndipo Desemba 1977 wakawalaza New Orleans Saints 33-14.

Mambo yalibadilika mwaka 1993, wachezaji waliomaliza mikataba waliporuhusiwa kwenda watakako. Mgeni akapata mlango wa pili. Carolina Panthers, timu mpya ya 1995, walipoteza mechi 5 za mwanzo kisha wakashinda 7 kati ya 11 zilizobaki, na mmoja wa waliofungwa nao alikuwa bingwa mtetezi, San Francisco 49ers. Kocha wa Panthers alikuwa Dom Capers. Texans walimwajiri Capers huyohuyo, kwa hiyo msiniambie Houston hawakuwa na mtu anayeijua kazi.

Safari hii, ya Texans mwaka 2002, kila timu kati ya 31 ilitoa majina 5. Na timu hutoa nani? Aliyechoka, majeruhi, au yule ambaye mshahara wake unaipasua timu, maana NFL ina kikomo cha mishahara na hakuna tajiri anayeruhusiwa kukivuka. Jacksonville Jaguars walikuwa wamebanwa hasa na kikomo hicho, wakamwachia Tony Boselli, mmoja wa watu bora wa laini wa kizazi chake. Bega lake lilikuwa limepasuliwa. Texans wakamchagua wa kwanza kabisa, na hakuwachezea hata mechi moja. Mwaka 2003 akastaafu.

Boselli alikuwa mtu wa pembeni kushoto. Kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia huupa upande huo mgongo, kwa hiyo anayekuja kutoka huko hamwoni. Kwotabeki wa Texans, David Carr, chaguo la kwanza la drafti nzima (zoezi la timu kuchagua chipukizi wa vyuo) kutoka chuo cha Fresno State, alikuwa wa mkono wa kulia.

Lakini hata Boselli angekuwa mzima, sidhani kama tatizo lingeisha. Tazama hila moja ambayo walinzi, yaani upande usio na mpira unaomwinda kwotabeki, hupenda kuwafanyia wageni. Wawili wamesimama bega kwa bega. Mpira ukitoka, wa nje anakata kuingia ndani, wa ndani anarudi nusu hatua na kuzunguka nyuma yake kwenda nje. Watu wawili wa laini wanaowakabili wana kama sekunde moja ya kuamua: kila mmoja amfuate mtu wake, au wabadilishane? Waliocheza pamoja miaka mitatu hubadilishana bila neno, mkono mmoja tu unamsukuma jamaa kumkabidhi kwa mwenzake. Waliokutana kambini mwezi Julai wanamfuata yuleyule wote wawili, na yule wa pili anapita peke yake mpaka kifuani kwa Carr.

Carr aliangushwa, mpira ukiwa bado mkononi, mara 76. Rekodi ya awali ilikuwa 72, ya Randall Cunningham mwaka 1986, na hii ya 76 haijavunjwa hadi leo. Alirusha pasi 444 msimu ule. Ukijumlisha, karibu kila akijaribu kurusha mara saba, moja iliishia chini ya mtu. Wapo wanaosema aling'ang'ania mpira kupita kiasi, na kweli, kwenye video utamwona mara kadhaa akisubiri mtu ambaye alikuwa wazi muda mrefu. Mimi ningemkalisha benchi mwaka mzima.

Walinzi wa Texans, kwa upande wao, walikuwa watu kweli. Timu zinazobanwa na mishahara huachia walinzi wazuri pia, na mlinzi anaweza kung'ara kwa kipaji chake mwenyewe. Ndiyo maana walifungua msimu kwa kuwafunga Dallas Cowboys 19-10. Desemba wakaenda Pittsburgh, ushambuliaji wao ukasogeza mpira yadi 47 tu mechi nzima, hata nusu ya uwanja haifiki, na bado wakashinda 24-6! Tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani) zote tatu zilifungwa na walinzi, mbili kati yake Aaron Glenn akinasa pasi na kukimbia nazo.

Laini haikupona haraka. Mwaka 2005 Carr aliangushwa mara 68, timu ikashinda mechi 2, Capers akafukuzwa. Mwaka 2008 wakamchagua Duane Brown kwenye raundi ya kwanza ya drafti, wakamweka pembeni kushoto na kumwacha hapohapo. Mechi za mtoano walizionja kwa mara ya kwanza msimu wa 2011.