Kuandika "angalia kitambulisho" nyuma ya kadi hakukulindi
Jamani hii ya kuandika "angalia kitambulisho" nyuma ya kadi ya krediti badala ya saini, watu Marekani wameifanya miaka na miaka wakijua ndo usalama, kumbe kwa kanuni za Visa na Mastercard kadi bila saini ilikuwa haihesabiki halali, na kama umesaini vizuri keshia hatakiwi kukunyima huduma eti tu umekataa kutoa kitambulisho. Simlaumu keshia, anaigeuza kadi, foleni ndefu, bosi kamwambia aombe. Aprili 2018 Visa na Mastercard hata saini yenyewe wakaacha kuilazimisha kule. Kinacholinda hasa dukani ni ile chipu, kale kamraba ka chuma kwenye kadi, kila ukilipa inatoa namba mpya ya mara moja, mwizi akiinasa haimsaidii. Kadi ikipotea pigia benki hapohapo waifunge.