Kabla ya Reli, Nakagua Mtaro

Mvua ikinyesha usiku kucha Nairobi, asubuhi yake mimi ninayetunza njia ya reli naanza na mtaro ulio kando yake, ndipo nipande njia. Vijana wapya kazini hushangaa. Wamekuja wakiamini kwamba adui wa reli ni uzito wa treni, kumbe chuma kile kina nguvu zake. Njia huharibiwa na maji yaliyokosa pa kwenda.

Upande wa Embakasi tunakalia ule udongo mweusi unaovimba ukishiba maji, kisha ukapasuka nyufa jua likiwaka. Juu yake imelala njia yenye upana wa milimita 1,000 kati ya reli mbili, kipimo kilekile kilichofika Nairobi mwaka 1899, na abiria wa asubuhi na jioni bado wanaitegemea. Katikati ya udongo na mataruma, yaani vile vipande vilivyolazwa kukingama chini ya reli kuibeba, kuna kokoto. Ndizo zinazosambaza uzito, zinazoshika mataruma yasihame, na zinazopitisha maji yaende mtaroni. Lazima ziwe za kupasuliwa, zenye kona kali zinazong'ang'aniana. Mawe ya mviringo ya mtoni huteleza tu.

Mahali ninapopachunguza zaidi ni kwenye viungo, pale kipande kimoja cha reli kinapokutana na kingine. Reli ya mita 12 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu milimita 4, kwa hiyo huachiwa nafasi. Gurudumu likipita pale hugonga. Kama chini kuna maji, taruma huzama na kuinuka, na kila likiinuka linafyonza tope. Utaliona: kokoto zimepakwa kijivu, kama zimemwagiwa uji. Tope likishaingia kati ya mawe, hayashikani tena. Taruma linacheza zaidi, na gurudumu linalofuata linagonga kwa nguvu zaidi. Ukiliacha wiki kadhaa, nati zinalegea na njia inabonyea.

Kumwaga kokoto mpya juu ya tope ni kupoteza kokoto. Nimeona ikifanywa, na inaniuma. Tunainua njia kwa jeki, tunachimbua mawe machafu hadi chini, tunaweka safi, halafu tunashindilia kwa sululu kutoka pande zote mbili za kila reli. Katikati ya taruma hatushindilii sana, kwa sababu taruma likiegemea tumbo litayumba au kuvunjika. Kisha tunapima upana na usawa, na treni za kwanza zinapita polepole.

Yote hayo ni bure mtaro ukiwa umeziba. Juzi kiungo kimoja kilichorudi kuharibika mara tatu kilitupeleka kwenye kalvati, ile njia ya maji inayopita chini ya reli, hatua chache mbele: magunia, chupa, na godoro zima. Tulilitoa watu wanne, likidondosha maji. Baada ya saa moja mtaro ulikuwa unatiririka, nasi tukaanza kuinua njia.