"Mafuriko ya miaka 100" maana yake nini?

Mshauri wa hatari za majanga akiiandikia benki ripoti kuhusu ghala la dagaa pale Kibirizi, Kigoma, huenda akaweka maneno haya: kiwanja kimo ndani ya eneo la mafuriko ya miaka 100. Mwenye ghala akisomewa, anashusha pumzi. Maji si yalishakuja juzi? Basi zamu nyingine wataiona wajukuu.

Sivyo. Maana yake ni kwamba katika mwaka wowote ule, uwezekano wa maji kufika kimo hicho au kukipita ni asilimia 1. Yakija mwaka huu, mwakani ni asilimia 1 tena. Kwa mkopo wa miaka 10, uwezekano wa kukutwa nayo angalau mara moja unakaribia asilimia 10. Kwa miaka 30 ni asilimia 26. Afisa mikopo akisikia "miaka 100" anapiga muhuri, akisikia "zaidi ya robo" anavua miwani na kuuliza maswali. Mimi ningeandika robo.

Bima nayo huanzia hapo hapo. Ghala na shehena ya shilingi milioni 200, vikiwa vya kuangamia vyote, ni hasara ya wastani wa milioni 2 kwa mwaka kwa mafuriko hayo peke yake. Juu yake kampuni inaweka gharama na faida yake.

Sasa, hesabu hiyo inachukulia kuwa kila mwaka unajitegemea. Kwa mto, si mbaya sana. Kwa Ziwa Tanganyika inapotosha. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke. Likipanda, halishuki upesi. Mvua za Novemba zinalikuta bado liko juu, zinaongezea palepale. Ndiyo maana kupanda kwake kwa miaka hii ya 2020 hakukuwa tukio la msimu mmoja, na Bujumbura maji yaliwarudia watu walewale. Halafu kuna kumbukumbu za kale: katika miaka ya 1870 Lukuga ilikuwa imezibwa na tope na majani, ikazibuka, ziwa likashuka mita kadhaa. Vipimo vya kabla ya hapo ni kama vya ziwa jingine, havisaidii kukadiria mafuriko ya leo.

Kwa hiyo mshauri anayejua kazi yake haanzi na ramani ya kompyuta. Anauliza Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, palepale Kigoma, ziwa liko kimo gani leo, kisha anapima sakafu ya ghala iko juu yake kiasi gani. Ziwa likiwa juu tayari, asilimia 1 ya kwenye karatasi inaweza kuwa nyingi zaidi kwa mwaka huu, na hapo benki hushauriwa kufupisha mkopo au kudai sakafu ipandishwe kwanza. Tangu 2022 Benki Kuu ya Tanzania ina mwongozo unaozitaka benki zisimamie hatari za kifedha zitokanazo na tabianchi, kwa hiyo swali la kimo cha ziwa sasa lina mahali pake kwenye faili la mkopo.