Je, wajua? Kwa nini gundi yenye unga wa fedha huanza kupitisha umeme ghafla?

Tia chumvi kidogo kwenye maji, yatapitisha umeme kidogo. Ongeza chumvi, na umeme unaongezeka. Kwa muda mrefu niliamini kwamba gundi za kuunganishia vifaa vya elektroniki, zile za epoksi (aina ya resini, yaani plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu) iliyochanganywa na unga wa madini ya fedha, hufuata hesabu hiyohiyo: ukiweka fedha asilimia 10, unapata sehemu ya kumi ya umeme ambao fedha tupu ingepitisha. Hesabu nzuri, ila haikaribii ukweli hata kidogo.

Chumvi ikiyeyuka, ayoni zake, yaani chembe ndogo zenye chaji, huogelea na mzigo wake wa umeme. Chembe ya fedha iliyozama kwenye resini iliyoganda haiendi popote. Imezingirwa na epoksi, na ukinzani wa epoksi, yaani jinsi inavyozuia umeme, huuzidi ule wa fedha kwa takriban mara 1 ikifuatwa na sifuri 20. Penye tofauti kama hiyo, kutafuta wastani ni kujisumbua. Unga wa fedha wa asilimia 5 ya ujazo hupitisha umeme unaokaribia sifuri. Asilimia 10, bado vilevile. Halafu unaongeza kidogo tu, na ukinzani unaporomoka mara mamilioni.

Kilichotokea ni njia kupatikana. Chukua bwawa pana unalotaka kulivuka bila kulowa, nawe unarusha mawe humo ukiwa umefumba macho. Mawe ya mwanzo hukaa mbalimbali. Baadaye yanakutana mawili, matano, yanakuwa visiwa. Kisiwa kinaweza kuwa kikubwa cha kutisha na bado kisikufikishe ng'ambo. Umetembea robo tatu ya bwawa, lakini hujavuka. Kisha jiwe moja linaangukia kati ya visiwa viwili, na ghafla unavuka. Jiwe lenyewe ni kama mengine tu, limepata bahati ya zamu. Yanayofuata huunga visiwa vilivyobaki kwenye njia kuu, kwa hiyo ukinzani unaendelea kushuka, ila bila kishindo kile.

Mfano huu una kasoro: bwawa ni bapa, ilhali ndani ya gundi njia inaweza kupanda au kushuka ili kukwepa pengo. Kwa hiyo chembe chache zaidi hutosha. Zikiwa duara, zinalingana na zimetawanyika ovyo, kizingiti, yaani kiasi ambacho njia hupatikana, hukadiriwa kuwa karibu asilimia 16 ya ujazo. (Hisabati ya aina hii ilianzishwa na watafiti Broadbent na Hammersley mwaka 1957.) Kwa vile fedha ina uzito wa karibu mara 9 ya epoksi, kiasi hicho ni zaidi ya asilimia 60 ukikipima kwa mizani.

Hiyo 16 usiifanye amri. Chembe ndefu hukutana mapema. Neli za kaboni zenye upana wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) zinaweza kufikia kizingiti chini ya asilimia 1. Unga wa alumini unaweza kujaa tele na usisaidie sana, maana kila chembe imevaa ngozi ya oksidi isiyopitisha umeme. Tena elektroni huweza kuruka pengo la nanomita chache, hivyo niliposema chembe "zinakutana" nililegeza maneno kidogo.

La ajabu zaidi ni kwamba ukakamavu wa gundi haungoji njia yoyote. Resini nayo hubeba nguvu, kwa hiyo chembe ngumu huikaza hata zikiwa zimetengana, na ongezeko huja taratibu, kama nilivyodhani umeme unavyokuja. Ila unga ukizidi sana, gundi huelekea kushika vibaya na kuvunjika upesi, ndiyo maana kujaza tu fedha si dawa.

Mara ya kwanza nilipoipaka gundi hii niliipima ikiwa mbichi, nikaona umeme haupiti, nikadhani nimeuziwa mbovu. Ilikuwa bado haijaganda. Resini husinyaa inapoganda, na kusinyaa huko ndiko huzibana chembe zikaribiane.